Mtoto wa Nakijwa Aitwe Nani

Sogeeni, mnaosikia na mnaosinzia. Nitawaonyesha watu watatu, kisha nitawaachia neno ambalo mimi mwenyewe nimeshindwa kulimaliza.

Wa kwanza ni Semvua, mwenye duka la vifaa vya umeme pale Kisangara, chini ya milima ya Upare. Kabla ya duka alitumikia mitambo ya kiwanda cha mkonge kwa miaka mingi, na kipaji chake kilikuwa kutoamini. Hakuamini waya alioambiwa umezimwa, hakumwamini fundi aliyeapa kwamba amezima, na macho yake mwenyewe hakuyaamini mpaka apime mara ya pili.

Wa pili ni Mzee Kadeghe, mfuga nyuki. Kipaji chake kilikuwa kutulia. Aliweza kukaa mbele ya mzinga uliofunguliwa, nyuki wakimtembea usoni, asipepese jicho. Akisema nitakaa hapa, basi atakuwa hapo mpaka umwambie aondoke.

Wa tatu ni Mbonea, fundi umeme, na kipaji chake kilikuwa kuuliza. Mafundi wengi huona haya kumwuliza aliye chini yao, lakini yeye aliuliza yeyote aliyekuwa karibu. Mbonea amekufa. Amekufa kabla hadithi hii haijaanza, lakini mkinisikiliza mtaona kwa nini siwezi kumwacha nje ya hesabu.

Kati ya watatu hao alisimama mwanamke mmoja, Nakijwa, naye ndiye mwenye mkasa.

Nakijwa alijifunza kazi ya umeme kwa Mbonea, wakafanya kazi pamoja miaka mitano. Siku ya mwisho walikuwa nyumbani kwa Mzee Kadeghe, katika chumba cha mbele, wakiweka soketi ya feni. Soketi yenyewe ilikuwa juu, karibu na dirisha lenye nondo. Ilikuwa saa sita mchana na jua lilikuwa linaingia moja kwa moja. Mbonea alizima swichi kubwa ya nyumba, akapanda juu ya meza ya mbao akiwa na viatu vyake vya soli nene, akachomeka bisibisi ya testa kwenye waya. Ile bisibisi mnaijua, ina kitaa kidogo ndani ya mpini, ukigusa penye umeme kinawaka.

Jua lilikuwa linampiga machoni, kwa hiyo akauliza, kama kawaida yake.

"Nakijwa, unaona taa?"

Nakijwa alitazama, akasema, "Siioni."

Mbonea akarudisha bisibisi mfukoni. Akaushika waya kwa mkono wa kulia, na ili asiyumbe juu ya meza akashika nondo ya dirisha kwa mkono wa kushoto. Hakupiga kelele. Nakijwa alisema baadaye kwamba alichokiona ni mgongo wa shati ukikakamaa, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma akawa hataki kugeuka.

Majirani walikuja mbio wakazima kila swichi waliyoiona, ya nyumbani na ya banda la uani. Kwa hiyo wachunguzi walipofika, ukuta ulikuwa baridi, nyaya hazina kitu, na hakuna aliyeweza kueleza umeme ulitoka wapi wakati swichi kubwa ilikuwa imezimwa. Penye swali lisilo na jibu watu huweka jibu lao. Ikasemwa kwamba nyumba ile ilijengwa juu ya makaburi. Mzee Kadeghe alikifunga chumba kwa kufuli. Ndani yake meza ilibaki pale pale, na ukutani, juu ya tundu la soketi, ukabaki mshale aliouchora Mbonea kwa penseli, na nyaya tatu zimechomoza.

Nakijwa hakumwambia mtu yeyote alichoulizwa wala alichojibu. Lakini tangu siku ile swali halikumwacha. Akiwa anapanga vyombo, akiwa kanisani, akiwa anazungumza na mume wake, sauti ilimjia kutoka juu kidogo na nyuma yake, ya mtu aliyesimama kwenye meza. Nakijwa, unaona taa? Haikumlaumu, iliuliza tu kama zamani, ikasubiri jibu. Aliendelea na kazi, ila ndogondogo, kubadilisha taa na kutengeneza pasi zilizokatika nyaya. Katika nyumba ya Mzee Kadeghe hakukanyaga mwaka mmoja na nusu.

Ndipo mke wa Mzee Kadeghe akaugua mapafu. Alilazwa hospitali miezi mitatu, na siku ya kumruhusu ilipokaribia mzee aliambiwa kwamba mgonjwa atahitaji mashine ya kumsaidia kupumua, usiku na mchana, nayo ni ya umeme. Chumba pekee ambamo kitanda cha mgonjwa kingeingia na hewa ikapita vizuri kilikuwa kile cha mbele. Mzee aliwaendea mafundi wanne. Mmoja alisema ana safari, mmoja alisema anaumwa mgongo, na wawili walimwambia kweli kwamba wanaogopa.

Akaenda kwa Nakijwa. Alikaa barazani, akapokea shikamoo, akatazama tumbo lake ambalo lilikuwa limeanza kuonekana, miezi minne, akataka kuondoka bila kusema. Nakijwa ndiye aliyemzuia.

"Baba, najua ulichokuja nacho," alisema. "Nitakuja Alhamisi."

Mume wake, Sangiwa, alimkataza kwa usiku mbili mfululizo. Nakijwa alimjibu kwamba mgonjwa anahitaji kupumua, na jibu hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwepo lingine ambalo hakulitoa. Alitaka kujua kilichomwua Mbonea. Alikuwa amechoka kuulizwa.

Alhamisi asubuhi alipita dukani kwa Semvua kununua bisibisi mpya ya testa. Sasa sikilizeni alichofanya Semvua.

Alimwuliza anakwenda kufanya kazi wapi. Alipoambiwa, aliirudisha bisibisi kwenye sanduku, akasema, "Hii sikuuzii." Akamweleza kwamba kile kitaa hakiwaki chenyewe. Umeme kidogo sana hupita ndani ya mtu aliyekishika, ukashuka mwilini mpaka chini, ndipo kikawaka. Ukisimama juu ya kitu kikavu, umevaa soli nene, hupita kiasi cha kuwasha mwanga hafifu tu, na mbele ya jua la mchana mwanga hafifu ni sawa na giza. "Waya una umeme, taa inawaka, na wewe huioni," alisema. "Hapo ndipo inapoulia."

Nakijwa alishika ukingo wa meza ya duka. Mwaka mzima na nusu alikuwa akijiuliza kama taa iliwaka. Sasa alijua kwamba huenda iliwaka, ndogo, ndani ya mpini, na yeye ndiye aliyekuwa macho ya Mbonea.

Semvua alidhani ni ujauzito, akampa kiti na maji. Kisha akaingia ndani akatoka na testa yake mwenyewe aliyoitumia kiwandani, vishikio viwili vyenye ncha za chuma, vimeunganishwa kwa waya, na kimoja kina taa kubwa nyekundu. Hiyo haipitishi umeme kwa mtu. Unaweka ncha moja kwenye waya huu na nyingine kwenye waya ule, nayo inasema yenyewe. Alikuwa nayo moja tu, wala haikuwa ya kuuzwa. Alimfanya aijaribu kwanza kwenye soketi ya duka, na taa ikawaka. Akamwambia: ukifika, ijaribu tena penye umeme kabla hujagusa ukuta. Pima nyaya zote, mbilimbili. Ukimaliza kupima, irudishe tena penye umeme uone kama bado ni nzima. Wafu wengi wameuawa na testa iliyokufa kabla yao. Akamfungia kwenye kitambaa, akamsindikiza mpaka kwenye bodaboda.

Hiyo ndiyo kazi ya Semvua.

Nakijwa alifika kwa Mzee Kadeghe karibu saa tano. Wakazima swichi kubwa pamoja. Kufuli la chumba lilikuwa limeshika kutu, ikabidi ligongwe. Ndani, vumbi lilikuwa limelala juu ya meza, na katika vumbi hapakuwa na alama hata ya mjusi. Alisogeza meza, akaweka ngazi, akapanda. Mshale wa penseli ulikuwa mbele ya macho yake. Jua lilikuwa linafika dirishani.

Hofu humfanya mtu atake kumaliza haraka. Nakijwa alikuwa ameshaijaribu testa dukani, hakuijaribu tena. Aliweka ncha kwenye waya mwekundu na mweusi, kimya. Mwekundu na wa kijani, kimya. Mweusi na wa kijani, kimya. Alijikinga jua kwa kiganja, akatazama vizuri. Hakuna taa. Akaning'iniza testa kwenye ngazi na kunyoosha mkono.

Na sasa sikilizeni alichofanya Mbonea.

Sauti ilitoka juu kidogo na nyuma yake, upande ilipokuwa meza. Haikuwa kubwa.

"Nakijwa, unaona taa?"

Mdomo wake ulifunguka kujibu kama alivyojibu siku ile. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Likakwama. Alikaa juu ya ngazi mkono ukiwa hewani, jasho likimshuka kifuani, na chumba kikawa kinasubiri. Kwa mara ya kwanza akajibu jibu lingine, kwa sauti ambayo Mzee Kadeghe aliisikia akiwa ukumbini.

"Sijui," alisema. "Ngoja nikaangalie."

Akarudisha mkono, akashuka. Alipitia mlango wa uani, akaenda kwa jirani, akaomba kutumia soketi ya jikoni kwake. Redio ya jirani ilikuwa inaimba kwenye soketi hiyohiyo. Akaweka ncha za testa. Haikuwaka. Alipokifungua kishikio alikuta waya umechomoka, pengine kwa mitikisiko ya bodaboda. Aliukaza, akajaribu tena, taa nyekundu ikawaka. Alirudi chumbani, akapanda, akapima mwekundu na mweusi, na taa ikawaka kali, jua au si jua. Swichi kubwa imezimwa, na ukuta una umeme.

Hiyo ndiyo kazi ya Mbonea, kama ni yake.

Nakijwa alishuka akakaa chini sakafuni. Alilia kidogo, hakuona aibu. Halafu akamwuliza Mzee Kadeghe nyumba ilipata umeme lini, na kabla ya hapo walikuwa na nini. Mzee alifikiri, akakumbuka kwamba banda la uani ndilo lililotangulia kuwekewa mita, miaka ishirini iliyopita, na kwamba fundi wa wakati huo aliwavutia waya mmoja mnene, wenye nyaya tatu ndani yake, mpaka chumba cha mbele. Nyumba kubwa ilipopata mita yake, waya ule ulisahauliwa ndani ya ukuta. Makaburi hayakuwapo. Palikuwa na waya uliosahauliwa na mwenye nyumba mwenyewe, na mzee alipolielewa hilo aliinamisha kichwa.

Walizima swichi ya banda. Nakijwa alipima ukuta, kimya. Akaenda tena kwa jirani, testa ikawaka. Akarudi akapima mara ya mwisho, kimya. Sasa alijua. Lakini swichi ile ya banda, iliyokuwa ukutani uani pembeni ya swichi kubwa ya nyumba, haikuwa na mlango wa kufunga kwa kufuli, na yeyote angeweza kuinua mkono akaiwasha.

Basi sikilizeni alichofanya Mzee Kadeghe. Alichukua kiti, akakiweka chini ya swichi zote mbili, akaketi, akaegemeza mgongo ukutani. "Nenda kafanye kazi, mwanangu," alisema. "Hapa hapaguswi."

Kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Nakijwa alikuwa na nyaya zote tatu mikononi, vidole vitupu, wakati gari lilipoingia getini. Lilikuwa limemleta mgonjwa mapema kuliko walivyotarajia, pamoja na kaka yake, Mnzava. Miezi miwili ya mwisho mgonjwa hakuwa akiwatambua watu. Lakini alipoteremshwa, hewa ya nyumbani ikampiga usoni, akili zikamrudia. Alitazama huku na huku, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka uani.

"Kadeghe yuko wapi?"

Mzee aliisikia. Mkewe aliuliza tena, na mara ya pili pia mzee aliisikia. Hakunyanyuka. Mnzava alimpeleka dada yake ukumbini, akaona mashine waliyokuja nayo haiwaki na dada yake anahema kwa shida, akakimbilia uani kuwasha umeme. Alikuta shemeji yake ameketi.

"Umekuwaje? Mkeo anakuita," alisema, akinyoosha mkono juu ya bega la mzee kufikia swichi. Mzee alimkamata kifundo cha mkono.

"Mtu yuko kwenye waya."

Mnzava alivuta, mzee hakuachia. Walibaki hivyo, wazee wawili wameshikana, mpaka Nakijwa alipofika mlangoni mwenyewe, mikono mitupu, akasema, "Washeni."

Chumba kilipata umeme na mashine ikafanya kazi. Mgonjwa alilala, pumzi yake ikatulia. Mzee Kadeghe alikaa pembeni yake akamshika mkono, akamwambia niko hapa. Lakini mke wake alikuwa ameshafumba macho, na akili zilizomrudia getini zilikuwa zimekwenda tena. Aliishi majuma matano mengine, bila taabu ya pumzi. Hakumwita tena mumewe mpaka alipozikwa.

Hiyo ndiyo kazi ya Mzee Kadeghe.

Miezi mitano baadaye Nakijwa alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba mtoto atapewa jina la yule aliyewaokoa wawili wao siku ile, jina moja tu, lisilogawanywa. Nadhiri ni rahisi kuweka. Mtoto alifikisha siku arobaini bila jina, na ndugu wakaja kusaidia, wakavuruga zaidi.

Sangiwa, baba wa mtoto, alisema aitwe Semvua. Bila testa ile angekwenda na bisibisi ya kitaa na kusimama mbele ya jua lilelile. Na kuhusu sauti ya juu ya ngazi, ambayo Nakijwa alimsimulia bila kutaja jibu la siku ya kifo, Sangiwa alisema hiyo ilikuwa sauti ya Semvua. Ndiye aliyemwagiza kuijaribu testa upya. Agizo lilimrudia tu, likavaa sauti ya mtu anayemwota kila siku.

Mama mkwe alisema aitwe Kadeghe. Semvua alitoa kitu na maneno, akabaki dukani. Mzee alitoa jambo ambalo halirudi. Mwanamume aliyeishi na mke miaka arobaini na mbili, akaitwa naye kwa mara ya mwisho, akakaa kitini kwa ajili ya mtoto wa watu. Wapo waliojibu kwamba waya ulikuwa wake, na kusahau kwake ndiko kulikoua wa kwanza. Mama mkwe aliwajibu kwamba kwa hiyo alilipa mara mbili.

Jina la Mbonea halikutajwa na mtu. Nani atampa mtoto mchanga jina la mtu aliyekufa vile? Semvua alipoulizwa, alisema yeye testa yake imerudi, inatosha. Mzee Kadeghe alisema mtoto aitwe lolote, aishi.

Siku ya arobaini na moja alikuja mama yake Mbonea. Mwanawe hakuacha mke wala mtoto, na jina lake halikuwa limebaki kwa mtu yeyote aliye hai. Alipokelewa, akaketi, akasema hakuja kuomba kitu, amekuja kumtazama mtoto. Nakijwa aliwaomba wengine watoke. Kisha akamweleza yote, kuanzia swali la juu ya meza mpaka jibu alilolitoa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema.

"Aliniuliza kama naona taa, mama. Nikamwambia siioni. Na taa ilikuwa inawaka."

Mama yake Mbonea alimsogelea. Halafu akamwuliza kama sauti bado inamjia.

"Hapana. Tangu siku ile nilipomjibu sijui, hajaniuliza tena."

"Na unamkosa?"

"Namkosa," alisema Nakijwa.

Bi mkubwa alimpokea mtoto, akamweka mapajani, akamtazama sana bila kumwita kwa jina lolote. Alipomrudisha, alisema kwamba mama wa mtoto ndiye anayejua sauti ilitoka wapi, na kwamba yeye hatakasirika. Akaaga, akateremka njia ya bondeni peke yake.

Ubatizo ni Jumapili. Mchungaji ameshatuma ujumbe mara mbili kuulizia jina la kuandika, na Nakijwa bado hajalipeleka.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Yuko aliyempa Nakijwa cha kupimia na namna ya kupima. Yuko aliyeurudisha mkono wake kutoka ukutani, kama alikuwepo. Yuko aliyekaa kitini akamwacha mkewe aite. Mmoja akikosekana, hakuna mama, hakuna mtoto. Karatasi ya mchungaji ina nafasi ya jina moja. Haya, nyinyi mlionisikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika nani?